Boriti za Jiko la Bibi

Kijijini kwetu walimwita mama yangu Mama Marufuku. Mwanzoni walisema akishapita. Baadaye wakawa wanasema akiwa hapo hapo, anasikia. Mwisho wakaanza kuniita mimi Marufuku Mdogo, na mimi sijawahi kumkataza mtu kitu chochote. Mimi hata nikikanyagwa kwenye foleni ya bomba, nasema samahani.

Kijiji chetu kiko chini ya Mahurunga, kule ambako maji ya Ruvuma yanaanza kuonja chumvi. Ukimaliza mikorosho na mashamba ya mpunga unakuta matope, na kwenye matope ndiko iliko mikoko. Kwetu mikoko ni kaa wa mboga, ni kuni, ni boriti za nyumba, na zamani ilikuwa pia viunza. Viunza ni ile miti inayopangwa kaburini juu ya maiti kabla ya kufukia, ili udongo usimguse. Wengine wanatumia mbao. Sisi tulitumia mkandaa, ambao ni mkoko wa aina yake, kwa sababu mchwa hawauli na maji hayauozeshi. Mtu akifa, vijana walishuka matopeni na mapanga wakati wenzao wanachimba, na miti ilifika kaburini ikiwa bado inadondosha maji. Hakuna aliyekumbuka utaratibu mwingine.

Mama hakuanza na siasa. Alianza na kaa. Alikuwa anakwenda kukamata kaa na wanawake wenzake maji yakitoka, na mwaka niliomaliza darasa la saba walikuta mahali pao pa siku zote pamebaki visiki. Magari yalikuwa yanabeba boriti kupeleka kwenye ujenzi mjini. Wale wengine walisogea mbele kidogo wakaendelea kuchimbua matope. Mama aliweka kikapu chini, akaenda kusimama mbele ya Fuso. Hilo sikuliona. Nimesimuliwa na Bibi, mama yake Mama, ambaye tulikuwa tunaishi naye, na Bibi alilisimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa.

"Ntoto huyu alitanguliza miguu kuzaliwa," alisema. "Mi nilijua tu."

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Mama alikwenda Naliendele kufuata miche ya mikorosho, akaona vitalu vilivyopangwa, akarudi na wazo la kuotesha mikoko kwenye viriba, vile vifuko vya miche. Ikafa yote, maana aliimwagilia maji ya kisima. Mjomba, kaka yake mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Mkoko unanyweshwa maji matamu! Kesho utautilia na sukari!" Mwaka uliofuata Mama na wenzake wakachomeka mbegu matopeni moja kwa moja, ikashika. Kikundi kikawa kamati. Kamati ikapewa mafunzo, fulana na mabuti. Na mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha kwamba hakuna kukata mkoko, isipokuwa kwa ajili ya kaburi.

Hiyo isipokuwa ndiyo iliyoleta yote. Ndani ya msimu mmoja watu wakaanza kufa ovyo. Unakutana na vijana wana mzigo wa boriti mabegani, ukiuliza wanakujibu, "Tuna msiba." Msiba wa nani? "Wa ng'ambo." Ng'ambo ni Msumbiji, na nusu ya watu wa kwetu wana ndugu kule, sasa nani atavuka mto kwenda kuhakiki maiti? Mama alisimama mkutanoni akasema, "Kwa boriti zilizotoka mwaka huu, kijiji kizima tungekuwa tumeshazikwa, na mimi nisingekuwa naongea hapa." Watu walicheka. Wakati huo walikuwa bado wanacheka. Akaomba kile kipengele cha kaburi kifutwe kabisa. Mikono ikanyooshwa. Wanawake walikuwa wengi siku hiyo kwa sababu wanaume walikuwa wamekwenda kwenye mnada wa korosho, basi kikafutwa. Wanaume waliporudi wakakuta hawana cha kuzikia.

Wa kwanza kufa baada ya hapo alikuwa mume wa jirani yetu. Jirani huyu ua wake na wetu umegusana. Ndiye aliyenifundisha kupika mtori wa ndizi nilipokuwa na surua na Mama yuko kwenye mikutano, na ndiye mwosha maiti wa wanawake pale kijijini. Mume wake akazikwa kwa mbao za mnazi. Masika ilipokuja kaburi likatitia. Lilidumbukia katikati kama godoro lililokaliwa na mtu mnene, na vijana wakaenda kulijaza udongo upya.

Siku ile jirani alisimama kwenye ua akaongea na mimi, kwa sauti ya kumfikia Mama aliyekuwa ndani.

"Mwambie mama yako mume wangu amelala na udongo kifuani."

Mama alitoka. "Jirani, nakupa pole. Lakini ningeruhusu mti mmoja, lingekuja gari."

"Mimi niliomba gari?"

"Hukuomba."

"Basi nisamehe kwa kufiwa," alisema jirani, akaingia kwake. Tangu hapo salamu zikaisha. Chumvi tukawa tunaenda kununua hata ya kijiko kimoja.

Nilikuwa kidato cha tatu Mama alipochukua fomu ya kugombea udiwani. Sababu ninayoijua mimi ni hii: sheria yetu ya kijiji ilikuwa haijapata baraka za halmashauri, na bila baraka hizo ni karatasi ya kufungia karanga. Kukawa na mtu wa mjini anataka eneo la mikoko alifanye mashamba ya chumvi, na diwani aliyekuwepo alikuwa anamtembeza kama bwana harusi. Mama alimfuata diwani. Akajibiwa, "Mama, wewe panda miti yako. Mambo ya sheria tuachie wenyewe." Alirudi nyumbani, akavua viatu, akavipiga pamoja kutoa vumbi, akasema, "Basi nakwenda kukikalia kiti chake."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kina misumari, mwanangu."

Baba yangu yuko mjini, Chikongola, na mke mwingine, anauza vipuri vya pikipiki. Alituma ujumbe mmoja tu kwenye simu: "Umekosa kazi?" Lakini kwetu Baba akisema au asiseme ni sawa, mwenye sauti ni Mjomba. Na Mjomba alikuwa mpambe wa yule diwani. Alizunguka na pikipiki ya kampeni akisema dada yake ni mgonjwa, kwamba mwanamke aliyeachwa na mume anatafuta watu wa kuwatawala. Akija nyumbani kumwona Bibi alikuwa anampita Mama kama anavyopita mtungi.

"Shikamoo, Mjomba," nasema.

"Marahaba. Umepata kibali cha kuniamkia?"

Shuleni ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa akinyoosha kidole kila mwalimu anapotoka, ananigeukia: "Mheshimiwa, naomba kibali nikakojoe kwenye mikoko." Darasa zima linasubiri nijibu. Mimi masikio yanawaka, nafungua daftari la Jiografia naangalia ramani ya mvua. Asubuhi moja tulifungua mlango tukakuta miche ya mikoko imeng'olewa, imerundikwa kizingitini, mizizi juu. Mama aliiangalia, akachukua beseni, akaanza kuchagua ile ambayo bado ingeweza kushika. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Nilimwona ananyoosha mgongo na nikajua anafikiria kura.

Nitasema ukweli: nilikuwa naomba ashindwe. Kila swala. Nilitaka arudi kuwa mtu wa kaa.

Nilipokuwa nimechoka na watu nilikwenda jikoni kwa Bibi. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, alilijenga Babu wakati Mama na Mjomba hawajazaliwa. Nguzo, boriti za paa, vyote mkandaa, na makuti juu. Moshi ulikuwa umeipaka ile miti mpaka ikang'aa kama imepigwa kiwi. Bibi alikaa pale na kibao chake cha mbuzi hata kama hakuna nazi ya kukuna. Mimi aliniita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu, wamekutukana tena leo?"

"Kidogo."

"Kaa tule muhogo. Matusi hayachachi, utayakuta kesho."

Ndipo siku moja, Mama ameingia kuchukua moto, Bibi alisema kile alichosema. Alikisema huku anakoleza kuni, hakukipa uzito.

"Mi mkinizika msinitie nnazi. Nnazi mchwa wanaumaliza hujajibu hata swali la kwanza la malaika. Mi nataka nkandaa."

"Mama, usianze mambo ya kufa," alisema Mama.

"Nimekuuliza. Utanipa nkandaa?"

Mama alishika kijinga cha moto mkononi mpaka moshi ukamwingia machoni. Halafu akatoka nacho. Bibi akanitazama, akatikisa kichwa, akaniambia nigeuze muhogo unaungua.

Alikufa wiki ile ile ambayo wagombea walikuwa waende kujieleza mbele ya wajumbe wa chama wa kata. Alikuwa anamenya muhogo, akasema anahisi baridi, akaegemea nguzo. Mimi ndiye niliyekuwepo. Nilimwita kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Watu walikuja. Hilo huwezi kuwanyima watu wa kwetu, msiba wanakuja hata wa adui. Jirani aliingia bila salamu, amejifunga kanga mbili kiunoni, akauliza maji ya moto yako wapi, akaingia chumbani kumwosha Bibi na wenzake. Wanaume walikaa uani chini ya turubai. Mjomba akaondoka na vijana kwenda kuchimba.

Alirudi jua limeanza kulala upande, udongo mwekundu umempanda mpaka viwikoni. Hakukaa. Alisimama katikati ya ua, na vijana wakaja wakasimama nyuma yake na mapanga yao, na mazungumzo yote chini ya turubai yakakatika.

"Mwiteni mgombea," alisema.

Mama alitoka amejitanda kanga. Mimi nilikuwa mlangoni nyuma yake.

"Kaburi tayari," alisema Mjomba. "Tunaomba mwongozo, Mheshimiwa. Tunamfunika na nini?"

"Kaka, si leo."

"Leo ndiyo siku yake. Kesho atakuwa ananuka."

Mtu mmoja kwenye mkeka akadakia, "Si kuna mabango ya kampeni? Plastiki ngumu ile, mchwa haingii!" Kicheko kikatoka, kikafa chenyewe. Sheikh wa msikiti alimtazama yule mtu mpaka akainamisha kofia.

"Huyu ni mama yako pia," alisema Mama.

"Ndiyo maana nauliza. Maji yametoka, vijana wako tayari, ni kushuka na kupanda. Wewe sema neno moja tu. Sema kateni."

Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa. Akisema kateni, sheria yake imekufa pale pale uani, na wajumbe wangeipata habari kabla ya matanga kumalizika: Mama Marufuku akifiwa yeye, mikoko ni halali. Asiposema, Bibi anakwenda na mnazi. Mjomba alikuwa amemchimbia kaburi mama yake na mtego wa dada yake kwa jembe moja. Mimi nilitaka aseme. Nilimtazama kisogo nikamwambia kimoyomoyo, sema, sema, potelea mbali udiwani, sema.

Jirani alitokea chumbani, mikono inadondosha maji yenye karafuu maiti.

"Aseme tusikie," alisema. "Mimi niliambiwa litakuja gari."

Mama aligeuka akamtazama jirani. Walitazamana muda mrefu kuliko watu wanaochukiana wanavyotazamana. Halafu Mama akashuka barazani, akawapita wale vijana na mapanga yao, akazunguka nyumba. Tulisikia makuti yanachanika. Tulipofika nyuma tulimkuta amesimama juu ya kinu kilichogeuzwa, anavuta paa la jiko kwa mikono.

"Hii ni mkandaa," alisema. Alikuwa anahema. "Aliikata baba yetu, Kaka. Hakuna sheria inayokataza mti uliokwisha kukatwa."

"Ina masizi ya miaka yote hiyo! Utamzika mama na masizi?"

Mwanaume mwingine akasema kitu kilichoguswa na moto hakifai kaburini, na wengine wakaitikia, na kwa dakika chache watu wote wakawa wanazuoni. Ikabidi Sheikh aje. Alipitisha kidole kwenye boriti moja, akakitazama.

"Hii haikuungua," alisema. "Imekaa jikoni tu. Na marehemu naye alikaa jikoni. Leteni maji, ifuteni."

Hakuna aliyesogea. Mama aliendelea kuvuta peke yake, kanga imeanguka mabegani, nywele nje mbele ya wanaume. Kinu kikayumba. Nilikwenda nikakishika. Ndicho nilichofanya siku ile, nilishika kinu, na masizi yakaniangukia machoni na mdomoni, yalikuwa na ladha ya samaki wa kukaushwa. Kisha kijana mmoja akaweka panga chini akapanda. Mwingine akafuata. Paa liliposhuka vitu vya Bibi vikadondoka kutoka kwenye makuti: mwiko, kipande cha sabuni, mbegu za maboga kwenye kitambaa. Mjomba alisimama mpaka mwisho. Boriti zilipolala chini ndipo alipopiga magoti, akazipima kwa shibiri, akaanza kukata miisho yake. Alikata sawasawa, taratibu, bila kumtazama mtu. Kamasi zilimtoka akaziacha zitoke.

Zikafutwa, zikabebwa, Bibi akazikwa kabla ya magharibi.

Jirani alikuwa anaanika beseni za kuoshea alipopita karibu na Mama. "Hongera," alisema. "Una jiko. Mimi sikuwa na jiko la mkandaa la kubomoa."

Mama aliendelea kufuta masizi mikononi. Nilifikiri ameumia. Sasa nadhani alikuwa anasikiliza.

Mkutano wa wajumbe ulifanyika kwenye madarasa ya shule ya msingi. Mama alikuwa bado hajala vizuri tangu msiba, sauti imekauka, nikatumwa kumpelekea chupa ya maji. Mimi siingii mahali penye watu wengi nikiweza kuepuka. Nilikaa nje chini ya dirisha nikisubiri amalize. Diwani alijieleza kwanza, akataja barabara na zahanati na visima, kila kitu kwa jina la mradi wake. Kisha nikasikia Mama anaitwa.

Nilijua hotuba yake. Alikuwa ameifanyia mazoezi chumbani, nami nimelala kitanda cha pili: mashamba ya chumvi, mazalia ya samaki, baraka za halmashauri. Hakuisema. 

"Ndugu wajumbe," alisema, "mama yangu mzazi alinililia mkandaa. Akiwa jikoni kwake, anakoleza moto, akaniomba kwa mdomo wake. Nikamnyima."

 Kuna mtu aliguna.

"Nikambomolea jiko. Boriti alizozipikia ndizo zimemfunika. Mnisikie vizuri. Mimi sina wa kumpendelea katika kata hii. Mama yangu sikumpendelea."

Alieleza yote. Mwiko. Mbegu za maboga. Masizi. Hata yale ya malaika na swali la kwanza aliyasema, kwa lafudhi ya Bibi, nnazi, nkandaa, na watu wakacheka huku wanalia, nilisikia pua zinavutwa. Yalikuwa maneno ya jikoni. Tulikuwa watatu tu tuliokuwepo yaliposemwa, na mmoja wetu yuko chini ya zile boriti. Nilikaa pale na chupa ya maji nikahisi kama ninavuliwa nguo na mtu anayenipenda.

Halafu akasema hivi:

"Na nikipita, kipengele cha kaburi kinarudi. Atakayefiwa atapewa mkandaa, na mjumbe wa kamati atausindikiza kutoka matopeni mpaka kaburini, uishie pale. Hakuna mtu wa kata hii atakayezikwa tena na mnazi. Nimesema mimi, niliyemnyima mama yake."

Vigelegele vilitikisa mabati. Nilichungulia dirishani. Mjomba alikuwa mstari wa pili, upande wa diwani, ameinama. Alikuwa anapiga makofi. Polepole, lakini alikuwa anapiga.

Nilimwaga yale maji kwenye mchanga nikarudi nyumbani.

Alishinda. Kwetu ukishapita kwenye chama umeshapita, uchaguzi wenyewe ulikuja kama kuosha vyombo baada ya kula. Yule wa mashamba ya chumvi hakuonekana tena, na sheria ilipata baraka zake, na kipengele kilirudi kama alivyoahidi. Ni utaratibu mzuri. Hilo siwezi kulikataa, mzigo ukisindikizwa hauna pa kupotelea. Na hicho ndicho kinachoniudhi. Ni utaratibu ambao mtu yeyote angeweza kuufikiria akiwa amekaa barazani anakula korosho. Ungeweza kuwepo kabla ya jirani kufiwa. Ungeweza kuwepo siku ile uani: twende wote, Kaka, na mjumbe wa kamati, tukate ya Mama, tuisindikize.

Walioniita Marufuku Mdogo wakawa wananiita Binti Mheshimiwa. Yule mvulana wa darasani alinibebea ndoo ya maji siku moja, nikaichukua kutoka mikononi mwake nikaibeba mwenyewe. Mjomba akawa anakuja kila Ijumaa. Alitujengea jiko jipya, miti ya mvinje na bati. Ni zuri, halivuji, na mvua ikinyesha humsikii mtu wa pembeni yako.

Nilimuuliza Mama humo humo, siku ambayo hakukuwa na mvua. Nilikuwa nimejipanga tangu asubuhi.

"Mama, kwa nini utaratibu huu haukuwepo kwa Bibi?"

Alikuwa anapaka samaki chumvi. Hakujifanya hajaelewa.

"Ningeruhusu siku ile, wangesema nimejipendelea."

"Na sasa?"

"Sasa wanasema nimewapendelea wao."

Alisema bila aibu, kama mtu anayekuonyesha njia ya mkato. Nikasubiri labda ataongeza kitu. Alipangusa mikono akachukua simu, ilikuwa inaita, na sauti yake ya halmashauri ikaanza: "Ndiyo, Mheshimiwa mwenzangu."

Wa kwanza kuzikwa kwa utaratibu mpya alikuwa mzee mmoja wa kitongoji cha juu. Nilikuwa nafagia nje vijana walipopita kutoka matopeni na mkandaa mabegani, magome bado mekundu, maji yanawatiririka mgongoni. Mjumbe wa kamati alikuwa nyuma na mabuti yake. Mbele alikuwa Mjomba. Akasimama kwenye ua wetu.

"Mheshimiwa! Tumekata kama ulivyoelekeza!"

Mama akajibu kutoka ndani, "Ahsante, Kaka! Mfikishe salama!"

Wakapita. Jirani alikuwa kwake amesimama na ufagio, kama mimi. Tulitazama ule mkandaa mpaka ulipokata kona ya kwenda makaburini. Huwa napita pale nikienda shule. Kaburi la mume wake lina bonde katikati hata baada ya kujazwa. La Bibi bado liko sawa, nalichungulia kila mvua kubwa ikiisha.

"Wawili tu walionyimwa," alisema jirani. Hakuwa ananitazama. "Kijiji kizima. Mume wangu na bibi yako."

Nilifagia tena pale pale nilipokwisha kufagia. Alisimama kidogo, akaegemeza ufagio kwenye ua.

"Una chumvi?" akauliza.

Niliingia jikoni nikatoka na pakiti nzima. Akaikunja mdomo vizuri, akaifunga kwenye upindo wa kanga. Mama alikuwa amemaliza na simu yake, akasikia sauti ya jirani, akaja haraka mlangoni anajifunga kitambaa kichwani, uso umefunguka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Ni jirani huyo?" akaniuliza. "Amekuja kwangu?"

Jirani alikuwa ameshageuka, anaondoka.

"Hapana," nikasema. "Amekuja kwangu."